Mama wa 17 na namba 720,720

«Mwalimu, jambo. Tuko wa mama wa soko ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo. Tunauza unga, samaki na mafuta. Tuko na sanduku yetu: kila juma tunaweka makuta, ni kusema pesa, na mwisho wa mwaka tunagawana sawasawa. Zamani tulikuwa tunagombana kila mara juu ya makuta yenye inabakia. Kisha bwana moja, anajiita mwalimu wa namba, akatuambia kuna namba ya baraka, 720720, inagawanyika kwa watu wote. Tulimulipa dola 10. Akasema tukifikisha faranga 720,720 tuvunje sanduku. Na kweli, tulikuwa 12, ikatoka sawa. Tukakuwa 14, ikatoka. Mwaka jana tulikuwa 16, simu ikaonyesha 45,045 kila mutu, bila kitu kubakia. Sasa mama moja mugeni ameingia, tuko 17, na namba imekataa. Simu inaonyesha 42395.294 na zingine nyingi nyuma yake. Wengine wanasema huyu mama ameleta mkosi, atoke. Yule bwana anasema tulete dola 10 ingine atupe namba ya 17. Mimi ndiye ninatunza sanduku. Je, namba inaweza kukuwa na baraka? Huyu mama ana kosa gani? Na iko namba yenye inagawanyika kwa watu wote, hata tukikuwa wangapi?»

Mama, nianze na huyo mgeni wenu, kwa sababu namba inaweza kungoja lakini mtu aliyeitwa mkosi analala na neno hilo kila siku. Hana kosa. Kilichotokea ni hiki: 17 mara 42,395 ni 720,715. Kutoka hapo mpaka 720,720 zinabaki faranga 5, na 5 haziwezi kuwafikia watu 17 hata moja moja. Basi, ni hilo tu. Angeingia dada yako wa tumbo moja, au ningeingia mimi, zingebaki 5 hizo hizo. Hesabu haijui nani ameingia; inajua mko wangapi.

Yule bwana naye nimpe haki yake, maana nusu ya aliyowaambia ni kweli, na ndiyo sababu mlimwamini. Namba aliyowauzia si ya kuokota njiani. 720,720 ndiyo ndogo kuliko zote inayogawanyika bila baki kwa 1, kwa 2, kwa 3, na kuendelea hivyo mpaka 16 bila kuruka hata moja. Mlipokuwa 12 mkapata 60,060, na mlipokuwa 14 mkapata 51,480, haikuwa bahati. Mngekuwa 7 au 11 au 13 ingetoka vilevile. Uongo wake uko katika maneno mawili tu: «baraka» na «watu wote». Na kuna jambo la tatu ambalo hakuwaambia kabisa, linahusu noti zenyewe, hilo nitalifikia.

Kwanza tuifungue hiyo namba tuone ndani. Chukua simu yako hiyo hiyo, andika 720,720, gawa kwa 2. Inatoka 360,360. Gawa tena kwa 2: 180,180. Tena: 90,090. Tena: 45,045. Hapo inaishia na 5, kwa hiyo 2 imefika mwisho wa safari yake. Hamia kwenye 3: 15,015. Tena kwa 3: 5,005. Ukijaribu 3 mara ya tatu simu italeta ule mkia mrefu wa tarakimu, basi iache. Gawa kwa 5: 1,001. Kwa 7: 143. Kwa 11: 13. Na 13 kwa 13 ni 1. Umefika chini ya sufuria, hakuna kilichobaki cha kugawa.

Hesabu vipande ulivyovitoa njiani: 2 umeitoa mara nne, 3 mara mbili, halafu 5, 7, 11 na 13 mara moja moja. Ukivizidisha vyote pamoja unarudi pale pale, 720,720. Vipande vya namna hii tunaviita namba tasa: ni namba isiyogawanyika bila baki kwa kitu kingine isipokuwa 1 na yenyewe. 12 unaweza kuipasua ikawa 3 mara 4. Lakini 13, upige upigavyo, haipasuki. Wala 17.

Sasa kuna jambo ambalo wanafunzi wangu wengi hawalitegemei, na kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote katika habari hii. Pita njia yoyote unayotaka, anza na 13, rukia 5, rudi kwenye 2, vipande vitakavyolala mezani mwishoni ni vile vile, idadi ile ile. Fundi akiifungua pikipiki, aanze na gurudumu au aanze na injini, vyuma mezani ni vya pikipiki ile ile. Euclid, mwalimu wa Kigiriki aliyeishi Alexandria kule Misri miaka kama 300 kabla ya Kristo, alithibitisha msingi wake: namba tasa ikigawa bila baki zao la namba mbili zilizozidishwa, ni lazima igawe mojawapo ya hizo mbili. Maana yake kwenu, 17 haiwezi kujificha ndani ya 720,720. Kama ingekuwamo, ingebidi igawe 2, au 3, au 5, au 7, au 11, au 13. Hakuna hata moja inayokubali.

Ukishaona vipande, unaelewa miaka yenu yote. Mlipokuwa 12, mlihitaji 2 mbili na 3 moja: zimo. Mlipokuwa 14, mlihitaji 2 na 7: zimo. Mlipokuwa 16, mlihitaji 2 nne, na zimo nne kamili, hakuna ya tano. Mwaka huu mmehitaji 17, na haimo. Ni kama gunia la unga na meka ya kupimia. Gunia halijabadilika, ila kuna meka inayolimaliza gunia kamili na kuna meka inayoacha unga kidogo chini. Hakuna muuza unga anayesema meka ina mkosi.

Na ukitaka kuwanyamazisha wanaosema mgeni ameharibu, wape swali hili. Tuseme anakuja mama mwingine, mnakuwa 18. Simu itaonyesha 40,040 kila mtu, bila kitu kubaki, kwa sababu 18 ni 2 mara 3 mara 3, na vyote vimo. Namba «imewarudia». Je, huyo wa 18 tumwite mwenye baraka? Akija wa 19 anaharibu tena, zinabaki 12. Wa 20 anatengeneza: 36,036. Wa 23 anaharibu. Wa 24 anatengeneza, 30,030. Mkifuata mkosi wa namna hii mtakuwa mnafukuza na kuita watu mwaka mzima.

Wako pia wanaodhani siri ni ukubwa, kwamba namba ikiwa kubwa inagawanyika kwa urahisi zaidi. Hapana. Ongeza faranga moja tu, iwe 720,721. Kwa macho ni mapacha. Lakini hiyo ya pili imeundwa na vipande viwili peke yake, 71 na 10,151, vyote tasa. Ili muigawane bila baki ni lazima muwe 71, au 10,151, au watu 720,721, au mmoja anayebeba sanduku lote kwenda nalo nyumbani. Punguza moja, iwe 720,719, unapata 31 mara 67 mara 347. Mkiwa 12, hakuna. Mkiwa 16, hakuna. Namba mbili zinazofuatana hazishiriki kipande hata kimoja, kwa hiyo kila kilichomo ndani ya 720,720 kimekosekana kwa majirani zake wote wawili. Mwanahesabu akitaka kujua tabia ya namba haangalii urefu wake, anaangalia imejengwa na nini.

Kwa upande huo 720,720 ni tajiri kweli, na hapa niruhusu nifurahie kidogo. Fikiria unatunga mwenyewe kigawo chake, yaani namba inayoigawa bila baki, kwa kuchagua vipande. Za 2 unaweza kuchukua sifuri, moja, mbili, tatu au nne: njia tano. Za 3 unaweza kuchukua sifuri, moja au mbili: njia tatu. Kwa 5, 7, 11 na 13, kila moja unachukua au unaacha: njia mbili mbili. Zidisha 5 mara 3 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2, inakuwa 240. Yaani kuna idadi 240 za watu ambao wangeweza kugawana kiasi hicho bila baki. Chini ya 720,720 hakuna namba hata moja yenye vigawo vingi kiasi hicho. Mhindi Srinivasa Ramanujan, aliyekufa kijana wa miaka 32 mwaka 1920, alichapisha mwaka 1915 uchunguzi mrefu juu ya namba za aina hii, zinazoshinda kwa wingi wa vigawo kila namba iliyo chini yake, na 720,720 imo kati yake.

Utakuwa umeona pia kwamba inaandikwa kama wimbo, 720 halafu tena 720. Hilo nalo lina sababu. Kuandika namba ya tarakimu tatu mara mbili ni sawa na kuizidisha kwa 1,001, na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13. Jaribu: chukua tarakimu tatu zozote, tuseme 358, ziandike mara mbili, 358,358. Gawa kwa 7: 51,194. Gawa kwa 11: 4,654. Gawa kwa 13: unarudi 358 uliyoanza nayo. Niliwahi kumwona kijana mmoja kwenye kituo cha basi akikusanya noti kwa mchezo huu. Alimwambia abiria aandike tarakimu zake kwa siri, kisha akampa zile namba tatu za kugawia kana kwamba amezisoma angani. Na 720 yenyewe ni 1 mara 2 mara 3 mara 4 mara 5 mara 6. Ukiunganisha hizo mbili umeipata namba ya yule bwana, bila dola 10.

Sasa swali lako la tatu, kama iko namba ya watu wote. Haiko, na sababu yake hata mtoto anaielewa. Chukua namba yoyote ya faranga, kubwa unavyotaka. Waite watu wengi kuliko hizo faranga, wazidi kwa mtu mmoja tu. Hawawezi kupata hata moja moja. Umeishinda. Namba pekee isiyoshindwa ni sifuri: sanduku tupu linagawanyika kwa watu wote sawasawa, bila baki, na bila furaha.

Kwa watu 17 namba ipo, na nitakupa bure ile ambayo bila shaka atawauzia. Zidisha 720,720 kwa 17, unapata 12,252,240. Hiyo inagawanyika kwa kila idadi kutoka 1 mpaka 18. Lakini akija mama wa 19, imevunjika, mnahitaji 232,792,560. Hiyo inawafikisha mpaka 22, na wa 23 anaivunja tena: sasa ni 5,354,228,880, zaidi ya bilioni tano. Uone inavyopanda: kila mnapofikia namba tasa mpya, jumla yote inazidishwa kwa namba hiyo, na Euclid alithibitisha vilevile kwamba namba tasa haziishi. Biashara ya kuuza namba za baraka ni tamu kwa muuzaji. Mteja atarudi tu.

Kuanzia 13 mpaka 15 hakuna kinachopanda, namba 360,360 inatosha kwa wote, kwa kuwa 14 na 15 wanakuta vipande vyao tayari viko ndani. Anayedai zaidi ni 16, anayetaka 2 ya nne, na ndiyo maana 360,360 ikaongezwa maradufu. Mwanao akiwa sekondari mwulize PPCM ni nini, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika bila baki kwa namba kadhaa. Ndiyo hesabu yenyewe, anaifanya shuleni kila mara bila kujua mama yake anailipia dola sokoni.

Basi tuje kwenye lile jambo la tatu, na hapa nitakuuliza wewe. Mwaka jana simu ilitoa 45,045 kila mtu. Mikono ilitoa ngapi? Nani aliwapa wenzako faranga 45? Noti ya 20 ilikuwapo zamani, watoto wetu hawaijui. Ya 50 ukiipata, muuza mboga anaitazama mara mbili. Kwa hiyo nina uhakika hamkulipana 45,045. Mlilipana 45,000, ambazo kwa watu 16 ni 720,000, na zikabaki faranga 720 ambazo mtu fulani alizikunja, pengine kwa nia njema kabisa, na hakuna aliyepiga kelele kwa sababu simu ilikuwa imeshasema «hakuna kilichobaki».

Tena twende mbali zaidi: 720,720 haijawahi kukaa ndani ya sanduku lenu. Haiwezi. Inaishia na 20, na noti za 20 hamna. Kilichokuwamo ni 720,700, au 720,800, au kitu cha jirani. Na majirani, tumeona, hawafanani. 720,700 hata kwa 16 inaacha baki. Baraka yote mliyoinunua ilikuwa inaishi kwenye kioo cha simu.

Kwa hiyo mimi nisingewaza faranga, ningewaza noti. Chagueni noti ndogo ambayo kila mmoja wenu anaipokea bila kununa, tuseme ya 100, na mhesabu sanduku kwa hizo. Kinachobaki hapo hakiwezi kufika noti moja moja kwa kila mtu: mkiwa 17, baki haiwezi kufika 1,700. Itakuwa chini yake daima, mwaka mzuri au mwaka mbaya. Andikeni mapema, kabla sanduku halijafunguliwa, baki hiyo inaenda wapi. Ianze sanduku la mwaka unaofuata, au iende kwenye mfuko wa msiba, au inunue sukari ya chai ya siku ile. Ugomvi wenu wa zamani haukuwa wa hesabu. Ulikuwa wa kuamua baada ya makuta kuonekana.

Wazo hili la kutafuta namba inayogawanyika vizuri kwa ajili ya watu si la jana. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, alitaka mji wake mwema uwe na kaya 5,040, kwa sababu namba hiyo inagawanyika kwa kila kitu kutoka 1 mpaka 10, na kwa 12 pia, na ingefaa kwa kugawana ardhi, kodi na jeshi. Ina vigawo 60. Zidisha 5,040 kwa 11 na kwa 13, unapata 720,720. Ni ukoo mmoja. Lakini kinachonipendeza kwa yule mzee ni kwamba aliona 11 inakataa, na hakuwafukuza watu 11. Alisema ukiondoa kaya mbili inakubali: 5,038 ni 11 mara 458. Mkitaka jumla ya kulenga, hiyo 5,040 inafaa kuliko ya kwenu ikiwa mtaihesabu kwa noti za 500: ni faranga 2,520,000, na mkiwa 12, 14, 15, 16, 18 au 20 kila mtu anapata noti kamili. Kwa 11, 13, 17 na 19 itabidi mfanye kama Plato.

Ila njia bora, kwa maoni yangu, ni kugeuza hesabu yenyewe. Ninyi mnaanza na jumla, kisha mnatafuta itawagawanyaje watu. Anzeni na fungu la mtu mmoja, kisha jumla ijitengeneze. Kila mmoja akiweka kiasi kile kile katika mwaka, jumla tayari imezidishwa kwa idadi yenu, kwa hiyo 17 imeshaingia ndani yake kabla hamjaanza kugawa. Muwe 17, muwe 23, muwe 31, hamtahitaji namba ya mtu. Kitakachobaki cha kubishania ni faini za waliochelewa na faida ya mikopo, na hizo ni ndogo. Zinafuata ile kanuni ya noti ya 100.

Kuna swali ambalo hukuniuliza na lina uzito kuliko hizo faranga 5. Mgeni wenu aliingia lini? Kama aliingia katikati ya mwaka, kugawana sawasawa si haki, hata namba ikubali namna gani. Hapo mnahesabu majuma. Tuseme ninyi 16 mmeweka majuma 50 kila mmoja na yeye 30. Jumla ya mafungu ni 830. Chukua 720,700, gawa kwa 830, kila juma linapata faranga 868 na ushee. Ninyi mnapata 43,400 kila mmoja, yeye 26,040, ambayo kwa noti ni 26,000. Zinabaki 300, zinaenda pale mlipoandika. Badili hayo majuma kwa yale yaliyo kwenye daftari lako, njia ni hiyo hiyo.

Nami kwa maandishi siwezi kuona daftari lako. Kama ukilihesabu sanduku mbele ya mashahidi wawili au watatu, na tofauti kati ya noti na daftari ikazidi ile baki ndogo niliyoitaja, acha habari za namba tasa. Hapo tatizo ni michango ambayo haikuandikwa au mkopo ambao haujarudi, na linahitaji mtu anayejua vitabu vya hesabu akae na ninyi, alisome daftari mstari kwa mstari. Mhasibu mnayemwamini, au mwalimu wa hesabu wa shule iliyo karibu, atawasaidia siku moja. Na kama maneno ya mkosi yamefika mahali pa kumtishia huyo mama, au kumnyima michango yake, usingoje mwisho wa mwaka. Waite wazee mnaowaheshimu au mkubwa wa mtaa, wasikilize nyote mkiwapo. Yule bwana wa dola 10 mwacheni aende zake. Mwambieni mnaijua 12,252,240.

Tuseme sasa mgeni alikuwa nanyi tangu juma la kwanza, na mnagawana sawa. Hesabu tena sanduku. Likiwa na 720,700, kama ninavyodhani, mmoja wenu atoe noti moja ya 100. Inakuwa 720,800, na hiyo kwa 17 ni 42,400 kamili, bila baki, kwa noti ambazo zipo. Mwaka jana mkiwa 16 hamkuweza hilo. Tandika kitenge, panga mafungu 17: noti mbili za 20,000, mbili za 1,000, mbili za 200. Noti sita kwa kila mtu, na la kwanza mpe mgeni.